Mgonjwa hasubiri, muswada husubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wauguzi vijana hapa Dodoma wamekuwa wakiniuliza mara kwa mara, nalo ni namna mtu anavyoweza kuuguza wagonjwa, kuhariri miswada ya wenzake na kuandika ya kwake mwenyewe bila kazi moja kuzimeza nyingine. Mimi ni muuguzi mkunga mwenye miaka 21 kazini. Kwa miaka 13 kati ya hiyo nimekuwa pia nikihariri miswada ya Kiswahili, hasa vijitabu vya elimu ya afya na kazi za walimu, na kuandika katika blogu makala fupi kuhusu magonjwa tunayokutana nayo huku kanda ya kati. Wanaoniuliza huanza karibu wote na methali ileile ya mshika mbili, na muuguzi mmoja aliyekuwa kiongozi wangu zamani alikuwa na desturi ya kunipokea asubuhi mbele ya wagonjwa kwa swali, "Mwandishi, leo umelala?" Mara nyingi jibu la kweli lilikuwa hapana, kwa hiyo sikumlaumu sana.

Methali yenyewe siipingi. Ninachokataa ni kuitumia kana kwamba vitu viwili vilivyoshikwa lazima viwe na uzito mmoja. Mama anayepanda kutoka korongoni, mtoto mgongoni na ndoo ya maji kichwani, ameshika viwili kila siku ya kiangazi, na akijikwaa hasimami kwanza kujiuliza kipi kianguke. Ndoo itamwagika, atarudi kufukua mchanga na kuchota upya, atachelewa kuinjika chungu, na yatakwisha. Wanaotafuta usawa kati ya kazi ya tiba na kazi ya kalamu hukosea, kwa maoni yangu, pale wanapodhani kwamba usawa ni kugawanya saa za siku, wakati jambo la kwanza ni kuamua mapema, kabla ya kujikwaa, ni kipi kitakachomwagika.

Vijana huniomba ratiba. Wangependa niwaambie kwamba kuanzia saa moja na nusu asubuhi ni wodini, alasiri ni kuhariri na baada ya chakula cha usiku ni kuandika, nami ningejua inakouzwa ratiba ya namna hiyo ningekuwa wa kwanza kuinunua. Aliyewahi kufanya kazi wodini anajua kwamba orodha ya zamu inayobandikwa ukutani mwanzoni mwa mwezi haifiki katikati ya mwezi ikiwa nzima: mwenzako anafiwa, mwingine anaanza likizo ya uzazi kabla ya siku zake, na wewe uliyepanga kumaliza sura ya tano ya muswada wa mtu unaitwa kushika zamu ya usiku. Ndiyo sababu nilipopewa kazi ya kwanza ya kuhariri kwa malipo nilimwambia mwenye muswada, mwalimu mstaafu, kwamba tarehe nitakayompa itakuwa na wiki mbili za ziada ndani yake, na kama hawezi kunivumilia wiki hizo basi asinipe kazi yake. Alicheka, akakubali. Hadi leo hilo ndilo sharti nisilolilegeza, na limenikosesha kazi kadhaa ambazo zingelipa karo ya mtoto.

Kwa nini basi nisiache moja? Kwa sababu kazi hizi zinajuana, na nitatoa mfano wa kitu kidogo kabisa, bahasha ya dawa. Kwa miaka mingi bahasha hizo zimekuwa zikiandikwa kwa kalamu "1×3", nasi tunaotoa dawa tunasoma "kidonge kimoja kutwa mara tatu" bila hata kufikiri. Usiku mmoja mzee kutoka Bahi aliletwa na mwanawe akiwa na kizunguzungu, na nilipomwomba anionyeshe alivyokuwa akimeza dawa zake, alimimina vidonge vitatu kiganjani, akavipanga mstari, akasema, "Mara moja, vitatu, kama mlivyoandika." Alikuwa amesoma sawasawa. Alama ya kuzidisha haimwambii msomaji ipi ni idadi ya vidonge na ipi ni idadi ya nyakati, na jibu la hesabu ni tatu kwa vyovyote vile. Kama muuguzi nilimpima presha na kumlaza. Kama mhariri niliondoka na ile bahasha mfukoni, na tangu siku hiyo naandika kwa maneno: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Hata hilo neno "kutwa" nimeliacha, kwani kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama, na wapo wanaomaliza dozi ya siku nzima kabla ya magharibi kwa sababu tu wanakijua Kiswahili chao.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Niliwahi kuletewa kijitabu cha malaria ambacho mwandishi wake, mtaalamu aliyebobea, alikuwa ameeleza kwamba malaria kali kwa mtoto huweza kuleta "mitukutiko ya misuli na kupoteza fahamu". Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Lakini hakuna mama anayeamsha majirani usiku akilia kwamba mtoto ana mitukutiko ya misuli. Atalia kwamba mtoto ana degedege, na kwa wengi degedege si malaria hata kidogo, ni jambo la mashetani na ndege wa usiku, la kufukizwa na kuogeshwa, na wako wanaoamini kabisa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Mama huyo anaweza kukisoma kijitabu chote, akakubaliana nacho, halafu akampeleka mtoto kwa mganga, kwa kuwa kijitabu hakikusema lolote kuhusu kile anachokiona kwa macho yake. Niliandika pembeni mwa ukurasa kwamba neno degedege liingie katika sentensi ya kwanza, na ielezwe wazi kuwa malaria ni mojawapo ya mambo yanayolileta na kwamba sindano haimuui mtoto. Mwandishi alikataa, akisema neno hilo ni la kishirikina. Tulibishana kwa simu jioni nzima. Huku kwetu malaria si nyingi kama kanda ya ziwa, lakini mimi nilianzia kazi Kilosa, na watoto hao nilikuwa nimewapokea kwa mikono yangu, wamechelewa siku mbili, ngozi zikinuka ubani. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akasema niandike nionavyo. Asiyewahi kukaa wodi ya watoto angeweza kusahihisha kijitabu kile kuanzia jalada hadi jalada asione kilichokosekana. Ni hivyohivyo kwa trakoma: wilaya yetu ya Kongwa inajulikana na watafiti wa macho duniani kwa ugonjwa huo, lakini ukiandika trakoma bila kuandika vikope, umewaandikia hao watafiti.

Nimejisifu vya kutosha. Sasa niseme nilivyokosea. Wakati fulani wa mlipuko wa magonjwa ya kuhara, kikundi kimoja kilihitaji kwa haraka kipeperushi cha ukurasa mmoja, nami nilikihariri asubuhi baada ya zamu mbili za usiku mfululizo, nimekaa jikoni na chai ya rangi iliyopoa. Kipeperushi kilieleza namna ya kutengeneza nyumbani maji ya kumnywesha mtoto anayeharisha pale ambapo pakiti za dawa hazipatikani, yaani lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Nilikagua koma, nilikagua herufi kubwa, nikarekebisha "yaliyo chemshwa" ikawa "yaliyochemshwa", nikaridhika na kulala. Sikuona kwamba mahali pa chumvi palikuwa pameandikwa kijiko kimoja cha chakula. Aliyeona ni binti wa duka la kuchapisha karibu na soko la Majengo, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga ukurasa tu. Alinipigia simu akauliza kwa adabu, "Samahani mama, haya maji ni ya kunywa mtoto au ya kuhifadhia nyama?"

Chumvi ile ilikuwa mara sita ya inayotakiwa. Mtoto ambaye tayari ameishiwa maji mwilini akipewa chumvi ya kiasi hicho hukauka zaidi, na huweza kupata hilo hilo degedege nililokuwa nimelipigania kwenye kijitabu cha mwingine. Miaka yote niliyosomea uuguzi haikunisaidia, kwa sababu macho yaliyokuwa yakisoma yalikuwa yamekwisha kazi tangu alfajiri. Tangu hapo sishiki kalamu ya kuhariri hadi saa 24 zipite baada ya zamu ya usiku, na maandishi yoyote yenye kipimo nayasoma kwa sauti, tarakimu moja moja, mbele ya mtu wa pili, hata kama mtu huyo ni mwanangu wa darasa la sita ambaye hakuna anachofurahia kama kunikamata.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi, na hilo sikulifanya kwa uchovu bali kwa kupenda sifa. Niliandika habari za mama aliyejifungua njiani, ndani ya bajaji, usiku wa mvua. Sikuandika jina wala kijiji. Niliandika rangi ya kanga aliyoviringishiwa mtoto na maneno yaliyokuwa kwenye kanga hiyo, kwa kuwa maneno yale yalifaa sana kumalizia makala, na kila anayeandika anajua jinsi mwisho mzuri unavyomlevya mtu. Makala ilisomwa mno, ikapita kwenye makundi ya simu, na wiki ya pili mume wa yule mama alinisubiri nje ya geti. Hakunitukana. Alinionyesha makala kwenye simu yake, akaniambia, "Sista, kanga hii niliinunua mimi. Nani alikuambia uiuze?"

Sikuwa na jibu. Niliifuta makala siku ileile, na kesho yake nikaenda kwao na muuguzi mwenzangu aliyenizidi umri, kuomba radhi mbele ya mama mwenyewe na mkwewe. Walitukaribisha ugali wa mtama na mlenda, tukala, na hadi leo sijajua kama karibu ile ilikuwa msamaha au adabu yao tu. Wakati huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa haijatungwa. Leo ipo, ilianza kutumika Mei 1, 2023, nayo inazihesabu taarifa za afya ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Lakini kiapo cha uuguzi kilikuwepo tangu zamani, nami nilikuwa nimekiapa. Kinachonisumbua ni kwamba nilidhani kuficha jina ni kuficha mtu. Mji wetu huu, hata baada ya kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, bado ni mahali ambapo mtu hujulikana kwa kanga yake, kwa kikohozi chake, hata kwa namna anavyoita mbuzi wake.

Basi sasa mlangoni mwa wodi naruhusu ugonjwa utoke, mgonjwa abaki. Naandika jinsi degedege linavyoanza na la kufanya kabla ya kufika kituoni, siandiki lilimpata mtoto wa nani. Nikihitaji mtu katika makala, namwomba ruhusa akiwa ameshapona, amevaa nguo zake, amekaa kwenye kiti kama changu, kwa maana anayenitegemea nimletee maji ya kumezea dawa hana namna ya kuniambia hapana. Mzee wa bahasha aliniruhusu kwa utaratibu huo, na hata hivyo si mtu wa Bahi.

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo lazima yaandikwe ili muuguzi aweze kurudi kazini kesho yake. Nina kaunta buku la kwaya tatu ambalo halijawahi kusomwa na mtu mwingine. Usiku ambao mtoto ametufia mikononi naandika humo nikifika nyumbani kabla hata ya kuvua viatu, mistari mitano au kumi, bila kusahihisha chochote, kwa tahajia ambayo wateja wangu wakiiona watadai fedha zao. Maandishi hayo hayawi makala hata siku moja. Vijana wengi wanaoniletea kazi zao wamevichanganya vitu hivi viwili: wanaandika uchungu wa wodini usiku uleule na kuutuma kwa umma kabla ya adhana ya alfajiri, wakiuita elimu ya afya. Ushauri wangu kwao umekuwa wanunue kaunta buku, na wachache wamekasirika.

Upande wa fedha nitaupita haraka, kwani hauna mengi ya kufurahisha. Kuhariri hulipa kidogo na kwa kuchelewa, na mwenye muswada akisema atakutumia kwa simu mwisho wa mwezi hakutajii mwezi gani. Blogu haijawahi kunilipa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilipoweka ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 niliifunga, na ingawa kanuni hizo zilirekebishwa baadaye, siku hizi naandika chini ya leseni ya wenzangu, makala moja kwa mwezi badala ya moja kwa wiki. Nakiri kwamba makala zimekuwa bora zaidi tangu zilipopungua.

Wapo watakaosema kwamba anayetaka kuandika vizuri na aache ajira. Huku Ugogoni tunaye wa kuwajibu, marehemu Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917 upande wa Ihumwa na kufariki mwaka 1969, ambaye alikuwa karani na baadaye hakimu, na papo hapo akatuachia mashairi, historia ya Wagogo, na zile ngonjera ambazo waliosoma shule ya msingi miaka ya sabini wanakumbuka walivyosimama mstarini kuzighani mbele ya wageni. Kila nikisoma ngonjera nahisi kwamba ni mahakamani alikojifunza jinsi watu wawili wanavyopokezana hoja, huyu akisema na yule akingoja zamu yake. Angekaa nyumbani kutwa akisubiri mashairi yamjie, nadhani tungekosa zote.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Magazeti yetu huandika habari za afya mara nyingi, na makala ya mtaalamu hupunguzwa ili ienee kwenye nafasi, jambo ambalo mimi mwenyewe nalifanya kwa wengine na silikatai. Lakini nimeona kwamba kinachotangulia kukatwa ni lile neno la mtaani, kwa kuwa linaonekana si sanifu, na kinachobaki ni lile la vitabuni. Na mara nyingine kipimo hupoteza nukta yake. Naomba kabla ya kuchapwa ukurasa wa afya mwenye makala asomewe hata kwa simu mistari yenye dawa na vipimo, kazi ya dakika kumi. Naomba pia waandishi wa habari za ajali na za uzazi waache kututajia kanga na mtaa wa mtu. Na kwa kuwa sisi wa Dodoma ndio tunaoishi na Hospitali ya Mirembe tangu mwaka 1927, naomba ule utani wa kusema fulani "ametoka Mirembe" usipite mezani kwa mhariri yeyote, kwani aliyetoka Mirembe ametoka hospitali, kama anavyotoka aliyetibiwa mguu, na nimewahi kumwona mtu akikatiza dawa zake kwa kuogopa maneno hayo mawili tu.

Barua hii nimeiandika kwa siku nne, katika siku zangu za mapumziko, na nimeisoma kwa sauti mbele ya mwanangu, ambaye ameikuta na koma moja iliyozidi na ameniandikia tarehe aliyoiona. Kesho naanza zamu tatu za usiku. Ukiona kuna la kurekebishwa na ungependa kunirudishia kwanza, naomba iwe baada ya Jumamosi.

Wako katika kazi,

Muuguzi mkunga na mhariri wa miswada,
Makole, Dodoma